RAM GB 8, zinazotumika GB 3: namna ya kujua kizuizi kiko wapi kabla hujanunua

Kompyuta imetiwa RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, imewashwa, na bado inasuasua vilevile. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, au ukibofya kulia kwenye This PC kisha Properties, unakutana na mstari wa Installed RAM unaosema 8.00 GB, na pembeni yake, ndani ya mabano, 2.96 GB usable. Maana yake GB 5 ulizolipia zimo ndani ya mashine, zinakula umeme, na hakuna programu hata moja inayozifikia.

Kwa aliye Mjini Unguja hasara hiyo ni ya kurudi Darajani kubishana na muuzaji. Kwa aliye Wete au Mkoani, kule Pemba, ni nauli ya boti kwenda na kurudi, tena kwa kifaa ambacho pengine hakina ubovu wowote. RAM nyingi zinazorudishwa madukani ni nzima. Kilichozikataa ni aina ya mfumo endeshi, yaani Windows au Linux iliyomo, au ubao mama, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote, na yote mawili yanajulikana kwa dakika kumi za kukagua.

Kwa nini biti 32 huishia GB 4

Chukua mfano wa masanduku ya posta. Barua haimfuati mtu nyumbani, inakwenda kwenye S.L.P. yenye namba. Sasa posta ikaamua kwamba namba ya sanduku isizidi tarakimu nne. Masanduku yatakayopata barua ni yale ya kuanzia 0 hadi 9999, elfu kumi basi. Jenga ukuta wa pili wenye masanduku elfu kumi mengine: yapo, yana vitasa na funguo, lakini hakuna namba ya kuandika juu ya bahasha ili barua ifike huko.

RAM ndivyo ilivyo. Kila baiti ni sanduku, na prosesa haiwezi kuandika wala kusoma kitu bila kutaja namba yake. Windows ya biti 32 huandika namba hiyo kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, na hapo hupatikana namba 4,294,967,296 tu, ambazo ni GB 4 kamili. Mfumo wa biti 64 una nafasi ya tarakimu nyingi zaidi. Prosesa za kawaida hazizitumii zote 64, lakini hata zikitumia 36 tu tayari ni GB 64.

Mbona basi iwe 2.96 na si 4? Kwa sababu namba hizo haigaiwi RAM peke yake. Kadi ya skrini, kadi ya mtandao, kidhibiti cha diski na chipu ya BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) vyote huitwa na prosesa kwa namba za orodha hiyohiyo, na vyenyewe hukaa juu, karibu na mwisho wa GB 4. Namba ikishachukuliwa na kadi ya skrini, baiti ya RAM iliyokuwa iipate inakosa anuani. Ndiyo maana laptopu mbili zenye RAM GB 4 na Windows ileile ya biti 32 zinaweza kuonyesha moja 3.4 na nyingine 2.7. Yenye kadi kubwa ya skrini ndiyo inayopoteza zaidi. Kwa kawaida kinachobaki ni kati ya GB 2.5 na 3.5.

Kuna mtu atakwambia kwamba hili lina dawa yake, inaitwa PAE. Kweli ipo. Ililetwa na Intel kwenye Pentium Pro mwaka 1995, na inaiwezesha prosesa ya biti 32 kutumia namba za biti 36 kwa RAM, yaani hadi GB 64. Windows Server 2008 Enterprise ya biti 32 iliruhusiwa kufika huko, na Linux ya biti 32 yenye kiini (kernel) cha PAE hufika pia. Lakini kwenye Windows za biti 32 za watu wa kawaida Microsoft iliweka kikomo cha GB 4 kwa makusudi, kwa kuwa draiva nyingi, yaani programu ndogo za kuendeshea vifaa, zilikuwa zikivuruga mfumo mzima zikipewa namba iliyozidi hapo. Vile vijiprogramu vinavyozunguka mitandaoni vya kuvunja kikomo hicho hubadilisha kiini cha Windows chenyewe. Leo utaona GB 8, kesho draiva ya kadi ya skrini itaandika mahali pasipo pake na utabaki na skrini ya buluu. Hatuvipendekezi kwa mashine yenye kazi za watu.

Kagua mambo matatu

Kikomo cha kompyuta yako ni kile kilicho kidogo kuliko vyote kati ya vitatu: mfumo endeshi, prosesa, na ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi. Watu huangalia kimoja wakasahau viwili.

Anza na mfumo na prosesa, maana kwenye Windows 10 vimeandikwa mstari mmoja. Pale pale kwenye Properties tafuta System type. Ukiona "32-bit operating system, x64-based processor", hiyo ni habari njema: prosesa inaweza biti 64, aliyeweka Windows ndiye aliyekuwekea ya biti 32. Hali hii ni ya kawaida sana kwenye kompyuta zilizotumika. Ukiona "x86-based processor", prosesa yenyewe ni ya biti 32 na hakuna Windows itakayoibadilisha. Ukiona 64-bit pande zote mbili, mfumo si tatizo lako, ruka hadi sehemu ya RAM kutoonekana ilhali mfumo ni wa biti 64.

Windows 7 haisemi chochote kuhusu prosesa kwenye ukurasa huo. Nenda Control Panel, fungua Performance Information and Tools, kisha bonyeza maandishi ya kuchapisha maelezo ya kina, utaona mstari wa 64-bit capable na jibu Yes au No. Kwenye Linux andika `uname -m`: likirudi i686 mfumo ni wa biti 32, likirudi x86_64 ni wa biti 64. Kisha `lscpu`, usome mstari wa CPU op-mode(s). Mstari huo ukiwa na 32-bit na 64-bit kwa pamoja, prosesa inaweza biti 64.

Jina la prosesa huwapoteza wengi. Core Duo ya mwaka 2006 ni ya biti 32 tu. Core 2 Duo iliyoifuata ni ya biti 64. Tofauti ni tarakimu moja kwenye stika, na stika zenyewe huwa zimekwishafifia. Soma jina kwenye skrini, usisome stika. Zile laptopu ndogo za inchi 10 zenye Atom N270 nazo ni biti 32. Ndugu yake N450 ni ya biti 64 lakini haipokei zaidi ya GB 2 za RAM, kwa hiyo biti 64 haziisaidii kitu.

Sasa ubao mama. Kwenye Windows 7 hadi 10 fungua Command Prompt uandike:

`wmic memphysical get maxcapacity`

Namba inayorudi ni ya kilobaiti. Ikiwa 4194304 ni GB 4, 8388608 ni GB 8, 16777216 ni GB 16. Namba hii hutoka kwenye BIOS, na BIOS ya zamani mara nyingine hutaja kidogo kuliko ukweli, basi ilinganishe na kitabu cha modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kisha:

`wmic memorychip get capacity,speed,devicelocator`

Hii inakuonyesha kila kipande kilichomo, ukubwa wake, kasi yake na sloti kilipokaa. Kwenye Windows 8 na kuendelea, Task Manager upande wa Performance, Memory, huonyesha pia sloti ngapi zimetumika. Kwenye Linux amri ni `sudo dmidecode -t memory`.

Ubao mama wenye chipseti (chipu zinazounganisha prosesa na RAM na vifaa) ya Intel 945, uliojaa kwenye kompyuta za mezani za miaka ya 2006 hadi 2008, una kisa chake. Unapokea GB 4, na ukiweka Windows ya biti 64 bado unaona GB 3 na kitu. Chipseti hiyo haina uwezo wa kuihamisha RAM iliyofunikwa na vifaa kuipeleka juu ya GB 4. Hapo umefika. Zipo bado kwenye maabara za skuli na ofisi, zinafanya kazi ya kuandika barua bila ya matata, lakini usizinunulie RAM.

Jambo la nne linawahusu wenye Windows 7 tu, nalo ni toleo. Starter hutumia GB 2 hata ukiitia nne. Home Basic ya biti 64 huishia GB 8, Home Premium GB 16, Professional GB 192. Kwenye Windows 10 ya biti 64 Home hufika GB 128 na Pro TB 2, hakuna wa hapa atakayegonga ukuta huo.

Je, inafaa kuhama?

RAM ikiwa GB 2 na haiongezeki, baki na biti 32. Mfumo wa biti 64 hubeba anuani ndefu mara mbili kila mahali, kwa hiyo wenyewe hula zaidi, na kwenye GB 2 utapoteza kuliko utakachopata. RAM ikiwa GB 4 kamili, unapata kama nusu GB hadi GB moja na nusu ya ziada, ambayo kwa mtu anayefungua tabo kumi za kivinjari ni tofauti ya kuonekana. Kuanzia GB 6 hakuna mjadala.

Kinachoweza kukuzuia ni vifaa vya zamani. Draiva ya biti 32 haifanyi kazi kabisa ndani ya Windows ya biti 64. Printa ya miaka kumi na tano, skana, kisoma kadi cha ofisi: hakikisha kwanza mtengenezaji ametoa draiva ya biti 64. Na zile programu za DOS (mfumo wa kabla ya Windows) au za biti 16, kama za mahesabu ya duka zilizoandikwa miaka ya tisini, hazifunguki humo. Za DOS huendeshwa vizuri ndani ya DOSBox, programu inayoigiza DOS. Kwa printa isiyo na draiva, iachie kompyuta moja kongwe iwe yake.

Kuhama kutoka biti 32 kwenda 64

Hakuna njia ya kupandisha juu kwa juu. Lazima mfumo uwekwe upya, na programu zote zisakinishwe upya. Fundi akikwambia atakubadilishia bila kugusa programu zako, muulize vipi.

Hifadhi mafaili kwanza, kwenye diski ya nje, si kwenye D ya kompyuta hiyohiyo. Pamoja na nyaraka na picha, watu husahau alamisho za kivinjari, mafaili ya Outlook na fonti walizoongeza. Halafu, kabla hujagusa chochote, pakua draiva ya biti 64 ya kadi ya mtandao ya modeli yako na uiweke kwenye flashi nyingine. Windows mpya ikikosa draiva hiyo huna intaneti, na bila intaneti huipati draiva. Utaishia kuomba simu ya mtu na waya wa USB.

Andaa flashi ya GB 8 isiyo na kitu unachokihitaji, maana itafutwa yote. Faili la Windows 10 ni GB 4 mpaka 6, lipakue kwa bando la usiku au mahali penye Wi-Fi ya uhakika. Ukitumia Media Creation Tool, chombo cha Microsoft cha kutengenezea flashi hiyo, kuna ukurasa mmoja unaoangusha watu wengi: unaonyesha lugha, toleo na Architecture, na chini yake kiboksi cha "Use the recommended options for this PC" kikiwa kimeshawekwa alama. Kwa kuwa kompyuta unayotumia ina mfumo wa biti 32, chombo hicho hukupendekezea biti 32 tena. Ondoa alama, chagua 64-bit (x64). Ukilikosa hilo utafanya kazi nzima ya saa mbili na kuirudia GB 2.96 yako palepale.

Ukitengeneza flashi kwa programu ya Rufus, angalia kompyuta yako inawaka kwa mtindo upi. Andika `msinfo32` usome mstari wa BIOS Mode. Ikiwa Legacy (mtindo wa zamani), chagua MBR. Ikiwa UEFI (mtindo mpya), chagua GPT; MBR na GPT ni namna mbili za kuorodhesha vipande vya diski. Ukichanganya, kisakinishi kitakataa diski kwa maelezo ya kwamba ina jedwali la MBR na mfumo wa EFI unataka GPT. Wengi hapo hubonyeza Delete kwenye kila kipande cha diski ili yaishe, na D yenye picha za harusi huondoka nayo. Rudi ukaitengeneze flashi upya, ni dakika ishirini.

Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukigongagonga kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia: F9 kwa HP, F12 kwa Dell, Lenovo na Toshiba, Esc kwa Asus. Usijaribu kuifungua setup ukiwa ndani ya Windows ya zamani. Itakwambia faili haliendani na toleo lako, kwa kuwa programu ya biti 64 haifunguki juu ya mfumo wa biti 32. Si flashi mbovu hiyo.

Laptopu iwe na betri yenye chaji, na kompyuta ya mezani iwe juu ya UPS. Umeme ukikatika katikati ya kunakili mafaili unaanza upya, hakuna zaidi. Ukikatika wakati wa kusasisha BIOS ndipo unapoweza kupoteza ubao mama, kwa hiyo kazi hizo mbili usizifanye siku moja yenye umeme wa kuzimika na kuwaka.

Kisakinishi kikiuliza ufunguo, bonyeza "I don't have a product key", kisha chagua toleo lilelile ulilokuwa nalo, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Leseni ya Windows 10 iliyokwishasajiliwa imefungwa na vifaa vya mashine, haijali biti 32 wala 64, na hujirudisha ukiunganisha intaneti. Baadaye chagua Custom, si Upgrade. Chagua kipande kilichokuwa na Windows, ukilinganisha ukubwa wake na ule wa C ulioujua kabla. Usipokifomati, mafaili ya zamani huhamishiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, nayo imeokoa watu ambao hawakuhifadhi chochote. Isifutwe mpaka wiki moja ipite.

Neno moja kuhusu toleo lenyewe. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 ambayo ni ya biti 64 tu haizipokei rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Kwa laptopu ya Core 2 Duo au kizazi cha kwanza cha Core i5 inayotumiwa kwa kivinjari na kuandika, Linux Mint ya biti 64 yenye GB 4 inakwenda vizuri. Mwenye prosesa ya biti 32 milango inamfungia: hata Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32.

Mfumo ni biti 64 lakini RAM bado haionekani yote

Kiasi kidogo kinachopungua si kosa. Kwenye laptopu isiyo na kadi ya skrini ya peke yake, skrini huazima RAM ya kawaida, megabaiti 64 mpaka 512, na Task Manager huiandika Hardware reserved. GB 8 zikionekana 7.8 acha. Zikionekana 4 au chini yake, fuata haya.

Andika `msconfig`, nenda Boot, kisha Advanced options. Kiboksi cha Maximum memory kisiwe na alama. Kuna ushauri umeenea mno kwamba ukikiwekea alama na kuandika 8192 unaifungulia RAM. Ni kinyume chake. Kiboksi hicho ni cha kupunguza, na namba unayoiandika inahesabu pia zile anuani za vifaa, kwa hiyo ukiandika RAM yako kamili unajikata. Ondoa alama, Apply, washa upya. Kwenye kompyuta nyingi tatizo huishia hapa.

Haikusaidia? Ingia BIOS utafute Memory Remap Feature, iwe Enabled. Kwenye nyingine huitwa Memory Hole Remapping. Bodi nyingi mpya hazionyeshi chaguo hilo kwa kuwa limewashwa daima.

Ukiwa humohumo ndani ya BIOS angalia RAM inayohesabiwa. BIOS ikisema GB 8 na Windows GB 4, tatizo ni la mfumo. BIOS yenyewe ikisema GB 4, kipande kimoja hakisomeki, na visiwani kwetu sababu ya kwanza ya kushukiwa ni chumvi. Hewa ya bahari na unyevu wa masika huacha utando mwembamba juu ya yale meno ya dhahabu ya kipande cha RAM, hauonekani kwa jicho mpaka uinamishe kipande kwenye mwanga uone mng'aro umefifia kama sarafu ya mfukoni.

Zima, ondoa chaja na betri, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kisicho na rangi kabla hujashika RAM. Sukuma vibanio viwili vya pembeni kuelekea nje, kipande kitainuka chenyewe. Kishike kwa kingo, sugua meno kwa raba nyeupe ya penseli upande hadi upande, pande zote mbili, kisha futa vumbi la raba kwa kitambaa kikavu. Msasa usiutumie, dhahabu hiyo ni nyembamba kuliko rangi ya kucha, ukiikwangua chuma cha chini kitashika kutu mapema. Rudisha kwa mwinamo, kibonde cha kipande kikae juu ya kinundu cha sloti, sukuma hadi meno yakaribie kupotea yote, halafu bonyeza chini mpaka usikie vibanio vimelia viwili. Kikilia kimoja tu, toa uanze tena. Kisha jaribu kipande kimoja kimoja kwenye kila sloti, ndipo utajua kilichokufa ni RAM au sloti. Mwisho endesha `mdsched`, kikaguzi cha RAM cha Windows, ikague.

Ukienda dukani

Usimwambie fundi "nitilie RAM ya GB 8" ukanyamaza. Aina ziko mbalimbali na haziingiliani: za laptopu, DDR2 ina pini 200, DDR3 204, DDR4 260, na kibonde cha kila moja kimekaa mahali pake. Ikikataa kuingia usilazimishe. DDR3 hutumia volti 1.5 na DDR3L volti 1.35. DDR3L hukubali mashine zote mbili, lakini DDR3 ya kawaida ndani ya laptopu ya kizazi cha 4 na kuendelea mara nyingi huacha skrini nyeusi, na watu hudhani laptopu imekufa. Ukiwa na shaka nunua yenye L.

Core 2 Duo na Core i ya kizazi cha kwanza hazipokei kipande cha DDR3 cha GB 8. Huishia GB 4 kila sloti, na kwenye bodi kama za chipseti ya G41 kipande hicho cha GB 4 lazima kiwe na chipu ndogo 16, nane kila upande. Chenye chipu 8 tu, ingawa ni GB 4 vilevile, hakitasomeka au kitasomeka nusu. Hesabu chipu kwa kidole kabla hujatoa pesa. Vipo pia vipande vya bei ya chini isiyo ya kawaida vilivyotengenezwa kwa bodi za AMD peke yake. Kwenye Intel haviwaki, na maandishi ya AMD huwa madogo pembezoni mwa stika.

Nenda na mashine yenyewe. Itiwe, iwashwe, na uone namba ya usable kwa macho yako mbele ya muuzaji. Ikiwa unaagizia kutoka Pemba, piga picha ya stika ya RAM iliyomo, picha ya System type, na picha ya jibu la maxcapacity, umtumie kwa WhatsApp. Picha hizo tatu zinamtosha anayeijua kazi.

Programu moja kukwama ilhali RAM ipo

Kuna wanaohamia biti 64, wanaona GB 8 zote, na Excel bado inalalamika kumbukumbu haitoshi. Kikomo kimehama, sasa kiko ndani ya programu. Programu ya biti 32 juu ya Windows ya biti 64 hupewa nafasi ya GB 2, au GB 4 ikiwa imetengenezwa kuzitumia, hata mashine ikiwa na GB 32. Kwenye Task Manager utaona imeandikwa 32 bit ubavuni mwa jina lake; kwenye Windows 7 ni *32. Kwa Excel fungua File, Account, About, mstari wa juu unasema. Kama ni 32-bit na unafanyia kazi majedwali makubwa, ondoa Office yote uweke ya 64-bit, maana hizo mbili hazikai pamoja. Kabla ya hapo hakikisha vile viongezo vya Excel unavyovitegemea vina toleo la biti 64. Asiyefungua majedwali ya mamia ya megabaiti hana haja ya kuigusa.